Shangazi Kizingiti Anajibu: Nyumba Tulivu Inapangishwa

Barua za mwezi huu zimefika nyingi, na karibu zote zina harufu moja: vumbi la mbuga na kodi ya miezi sita. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu, kila anayepewa barua ya ajira anashuka stendi na begi moja, godoro moja na namba ya dalali. Basi anayetaka ushauri wa mapenzi asubiri mwezi ujao. Mwezi huu hata mapenzi hayana pa kulala.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu, ajira mpya, nimetokea Mbagala. Nimepangiwa shule ya kijijini, Bariadi Vijijini. Dalali alinitumia picha na maneno haya: "Nyumba tulivu, mazingira ya asili, maji yapo, umeme upo, imekarabatiwa." Nikalipa miezi sita, na mwezi mmoja wa dalali. Sasa nimefika. Utulivu wenyewe unaanza saa tano usiku na kuisha saa kumi alfajiri, jogoo anapomwamsha ng'ombe, ng'ombe akamwamsha mchungaji, mchungaji akaamsha redio. Maji sijayaona. Nifanyeje?
– Mwalimu Asiyelala

Marahaba mwanangu. Kosa lako ni dogo: umenunua maneno ya dalali bila kamusi. Ya kwangu ni bure, ikate uibandike ukutani.

"Maji yapo" ni kweli tupu. Yapo Ziwa Victoria, kule Busega. "Umeme upo" maana yake nguzo inaonekana ukisimama mlangoni. "Dakika tano kutoka lami" ni kwa bodaboda, kiangazi, dereva akiwa hajaoa. "Mazingira ya asili" ni choo cha nje. Na "imekarabatiwa" ni rangi iliyopakwa juu ya ufa.

Huo ufa ndio nataka tukae nao kidogo. Udongo mweusi wa mbuga hunywa maji ya masika ukavimba kama unga wa ngano, kisha kuanzia mwezi wa sita unakauka, unasinyaa na kupasuka nyufa za kumeza ndala. Nyumba iliyosimama juu yake nayo inapanda na kushuka kila mwaka, na ukuta haujui kuvumilia. Wazee wa Kisukuma walilijua hilo kabla ya wahandisi: mbuga waliilima, na nyumba wakaiweka juu kidogo, penye kichanga cha luseni. Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba imesimama kwenye udongo gani, kisha chomeka sarafu ya shilingi mia kwenye ufa. Ikiingia nusu, omba kodi ipungue. Ikipotea, ondoka nawe.

Kwa kuwa umeshalipa, piga picha kila ufa, kila bawaba na kila kioo kilichovunjika, kisha mwandikie mwenye nyumba orodha mtie saini wote wawili. La sivyo siku ya kuhama utaambiwa ufa ni wako, uliletwa na begi. Fedha ya dalali isahau, imeshakula nyama choma.

Kuhusu usingizi: lala saa mbili, kama kijiji kinavyolala. Jogoo hana kosa, saa yako ndiyo ya Mbagala.

*

Shangazi, mimi ni muuguzi, napanga kata ya Malambo. Tuko wapangaji sita, mita ya LUKU moja. Tunachanga elfu tano tano. Mmoja wetu ana friji na anauza barafu shule ya jirani, mwingine anapiga pasi nguo za mtaa mzima. Mimi nina taa moja na simu. Juzi tumenunua umeme, mashine ikakata kwanza kodi ya jengo. Jengo la nani? Mimi nina godoro tu.
– Taa Moja

Taa Moja, barua yako niliisoma nikafunga mlango, maana nami nina vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba yangu, na sikutaka wapangaji wangu wasikie.

Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mwaka 2021 serikali iliipitisha kwenye LUKU, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Mashine haijui nani ana hati na nani ana godoro, inamkata aliyeshika simu. Lakini mwenye nyumba anajua. Tunza ujumbe wa kila manunuzi, mwisho wa mwaka jumlisheni, mkalipe kodi ya pango pungufu ya hiyo 18,000. Mkiikumbuka kabla ya kulipa mnaitwa wapangaji makini. Mkiikumbuka baada ya kulipa mnaitwa wakorofi.

Sasa barafu. Mteja mdogo wa nyumbani yuko kwenye daraja la uniti 75 kwa mwezi, na uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Mkivuka 75, kila uniti ya ziada ni 350. Ina maana muuza barafu hali uniti zake peke yake, anawapandisha nyote ngazi. Elfu tano zako haziwashi taa, zinagandisha maji ya mwenzio ayauze.

Wekeni mita ndogo kwa kila chumba, fundi umeme yeyote wa mjini anazijua, na gharama zake mkubaliane na mwenye nyumba kwa maandishi. Mpaka siku hiyo, muuza barafu alipe sehemu ya friji na sehemu ya mtu. Akikataa, kila jioni mpitieni na glasi mkiomba barafu ya bure. Atanunua mita mwenyewe.

*

Shangazi shikamoo. Mimi ni bwana shamba, nimepanga chumba na sebule Itilima. Nilisafiri wiki moja. Niliporudi nikakuta sebule imejaa pamba mpaka dirishani. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, ni ya siku mbili tatu, AMCOS wakianza kununua inaondoka." Huu ni mwezi wa pili. Kochi langu sijaliona tangu hapo, na chai naambiwa ninywe nje nisiilowanishe pamba.
– Mgeni wa Pamba

Marahaba. Wewe kwa kazi yako unafundisha watu kuilima. Ulidhani wakikusikiliza wataihifadhi wapi?

Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini, na pamba haina heshima kwa sebule. Mkulima akishavuna hana raha mpaka mzani umesoma. Akiiacha nje inapata mvua na mchanga, ubora unashuka, na kuna wakorofi waliozoea kutia maji na mchanga makusudi ili kilo ziongezeke, sasa kila mzigo mchafu unatiliwa shaka. Mama wa watu kaona sebule ina sakafu ya saruji na kufuli, na mwenyewe hayupo. Ghala gani bora kuliko hilo?

Hata hivyo ulichopanga ni sebule, na anayeingiza mali kwenye chumba ulicholipia bila idhini yako amekosa, hata kama anakuita mwanangu. Tena pamba ni petroli inayosubiri njiti. Ukiwasha jiko la mkaa karibu yake, tutasoma habari zako na si barua zako.

Nenda jioni, akiwa ametulia. Usianze na pamba. Msalimie kwanza, uliza habari za mifugo na watoto, kaa, pokea michembe ya viazi, tafuna. Kisha sema: "Mama, hiyo sebule ni nusu ya kodi yangu. Pamba imekaa miezi miwili. Tuhesabu nusu ya miezi miwili." Ataguna. Mwongezee kwamba utaipakia kwenye gari mwenyewe siku ya mnada. Mkikubaliana, andikeni. Na chai uendelee kunywa nje, hapo mama ana haki.

*

Shangazi, napanga karibu na viwanja vya Nyakabindi. Nina mkataba wa mdomo wa mwaka mzima, nimebakiza miezi mitano iliyolipwa. Baba mwenye nyumba amekuja akaniambia nimpishe wiki mbili za Nanenane, amepata wageni wa maonesho wanaolipa kwa siku. Ameniahidi nitarudi tarehe tisa. Nikimuuliza nitalala wapi anasema, "Wewe ni kijana."
– Kijana wa Nyakabindi

Tangu Nyakabindi ipokee Nanenane ya kitaifa mwaka 2018, kila mwenye banda huko anajiona ana hoteli. Gesti zikijaa mpaka za Lamadi, hata jiko linapewa namba ya chumba.

Kijana, ujana si notisi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua upangaji wa muda mfupi, wa mwaka mmoja au pungufu, hata ukifanywa kwa mdomo. Miezi mitano uliyolipa ni yako, na Agosti imo ndani yake. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kuitoa katikati kama mtu anayenyofoa mnofu kwenye sahani ya mgeni.

Ila ujue na upande wa pili. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za pango, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba chumba cha Nyakabindi kisizidi kiasi fulani. Muda wako ukiisha, akipandisha kodi mara mbili utabaki na midomo wazi. Kinga uliyonayo ni mkataba, na mkataba wa mdomo una ugonjwa mmoja: kila mmoja anausikia kwa sikio lake.

Mkatalie kwa adabu. Aking'ang'ania, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana, Baraza la Kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha ndani ya siku 30. Na likishindwa, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usiruke ngazi, maana huko juu watakuuliza huku chini ulisema nini. Au fanya kama Msukuma mwenye akili ya biashara: mwambie utahama wiki mbili akikupa nusu ya anachopata kwa wageni. Uone kama hatasema wewe ni kama mwanawe, endelea kulala.

Jambo moja zaidi. Mimi kwangu kila mpangaji ana karatasi na risiti. Ndiyo maana nalala.

*

Shangazi, mimi ni mhasibu, nilitafuta kijiji makusudi ili nipate faragha. Nimepanga nyumba nzima, nina fensi. Lakini mjumbe amekuja mara tatu: mara mchango wa msiba, mara orodha ya sungusungu, mara anataka tu kujua nimetokea wapi. Watoto wanachungulia. Bibi wa jirani anaingia bila kubisha hodi kuuliza kwa nini sijapika. Nimwambieje kwamba mimi ni mpangaji tu?
– Faragha Yangu

Usimwambie. Akikusikia atakuhurumia, na huruma ya bibi wa Kisukuma huja na sufuria.

Mwanangu, huko hakuna mpangaji tu. Kuna mtu anayejulikana na mtu asiyejulikana, na asiyejulikana ng'ombe wakiibwa ndiye anayefikiriwa wa kwanza. Sungusungu walianza huku kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipowashinda watu uvumilivu, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Ukipigwa mwano, yaani yowe la hatari, usiku, kila mwanamume anatoka. Asiyetoka anaulizwa asubuhi alikuwa wapi, na "nilikuwa na faragha" si jibu. Ikiwa kukesha huwezi, changia betri za tochi, jina lako liandikwe.

Hiyo fensi yako inazuia mbuzi. Fisi haizuii, wala tembo wanaotoka upande wa Serengeti na pori la Maswa wakinusa mahindi. Kitakachokuokoa siku hiyo ni bibi huyo huyo anayeuliza kwa nini hujapika, maana ndiye atakayegundua mlango wako haujafunguliwa mpaka saa nne.

Fanya mambo matatu. Peleka barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa kitongoji, jina na kazi. Asubuhi sema "mwangaluka" kabla ya kusema kingine chochote, hata kama umechelewa kazini. Na msibani nenda, ukae, hata nusu saa, uonekane. Utashangaa watakavyokuachia faragha wakishajua ni ya nani.

Na ukiazima kitu, rudisha. Mimi nina kinu changu kiko kwa mpangaji tangu mwezi wa sita. Sijasema neno.

*

Shangazi mpendwa, mimi ni mtoto wa Bariadi, sasa natunza wazee Uingereza, kijiji kimoja cha Norfolk. Nimepanga nyumba ndogo nzuri, maua mlangoni. Lakini ni kimya, Shangazi, mpaka nasikia friji ikifikiri. Basi linapita mara mbili kwa siku. Jirani nimeishi naye miezi minne, amenisemesha mara tatu, zote kuhusu mvua. Nalia jioni. Na hii nyumba ina ukungu ukutani. Je, nirudi?
– Ng'wana Bariadi Ugenini

Pole mwanangu, mhola? Utulivu anaoulilia mwalimu wa barua ya kwanza ndio unaokuliza wewe. Ningekuwa na uwezo ningewabadilishia vyumba leo hii.

Kabla ya machozi, tuhesabu ulichonacho. Uingereza, tangu tarehe 1 Juni 2019, wakala haruhusiwi kumtoza mpangaji ada ya kutafutiwa nyumba. Soma sentensi hiyo kwa sauti pale stendi ya Bariadi uone madalali watakavyozimia. Amana yako haitakiwi kuzidi kodi ya wiki tano kwa nyumba za kawaida kama yako, na ndani ya siku 30 lazima iwe imewekwa kwenye mfuko wa kuilinda. Kama hukupewa karatasi ya mfuko huo, idai kesho. Kama unaishi peke yako, ile kodi ya halmashauri unapunguziwa robo, lakini mpaka uombe.

Ukungu: nguo zisikaukie chumbani, dirisha lifunguliwe kila siku hata kwa baridi, na umwandikie mwenye nyumba, kwa picha na tarehe. Vijiji vingi vya huko havina bomba la gesi, joto linatoka kwenye tangi la mafuta lililoko uani. Lichungulie kabla ya Desemba kama unavyochungulia simtanki la maji hapa mwezi wa nane.

Kuhusu jirani: aliyekusemesha kuhusu mvua mara tatu amekusalimia mara tatu. Kwao mvua ndiyo mwangaluka. Jibu kwa kirefu. Mweleze kwamba kwenu mvua ikichelewa pamba inakufa, na uone kama hataweka chini mkasi wake wa maua. Kisha mpelekee maandazi. Karanga usipeleke kabla ya kuuliza, wapo wenzetu ambao karanga huwaua. Na michembe acha kabisa, atampa farasi.

Usirudi kwa sababu ya ukimya. Rudi mkataba wako ukiisha, ukiwa na amana yako mkononi.

*

Shangazi, shikamoo. Mimi sina swali kubwa. Nasoma safu yako kila mwezi na ushauri wako wa kuandikishiana naufuata. Mama mwenye nyumba wangu ni mtu maarufu hapa mjini, anaandika gazetini. Nimelipa kodi mara nne, kila nikiomba risiti ananiambia, "Mwanangu, mimi na wewe risiti ya nini?" Mkataba ananiahidi tangu mwaka jana. Kodi ya jengo ya LUKU nimelipa mimi miezi kumi na minne. Mwezi wa sita aliniazima kinu. Nimeamua kinu nisikirudishe mpaka risiti zitoke. Je, nimekosea?
– Chumba cha Nyuma, mlango wa tatu

Marahaba.

Nimeisoma barua hii mara tatu, nikitafuta mahali ulipokosea nikujibu. Nimepata pamoja tu: umeniandikia gazetini wakati mlango wangu uko hatua kumi na mbili kutoka kwako. Lakini najua ungebisha hodi ningekukaribisha michembe, tungeongea habari za mvua, na ungerudi bila risiti. Ndivyo tunavyofanya, sisi wenye nyumba. Tunamwita mpangaji mwanangu ili aone aibu kudai.

Niseme na sababu, kwa kuwa wenzangu hawataisema. Risiti tunaiogopa kwa sababu ikishaandikwa, watu wa mapato nao wanaweza kuisoma, na kwenye pango wana asilimia 10 yao. Basi tunamwita mtoto asiye wetu mwanangu, kwa ajili ya asilimia 10.

Kwa hiyo hukumu. Shilingi 1,500 mara miezi 14 ni 21,000, na itakatwa kwenye kodi yako ijayo. Risiti nne ziko tayari, zina tarehe na saini. Mkataba nimeuandika nakala mbili, mwenyekiti wa mtaa atashuhudia. Njoo Jumamosi saa tatu asubuhi.

Kinu ukioshe kabla ya kukileta, na mchi wake usiusahau.